Kituo Kilichokosekana: Kuisoma Fani ya Mfuko wa Viazi

Mbele yangu mezani kuna uzi bapa mweupe, urefu wake shubiri mbili, niliouchomoa kwenye mfuko wa salfeti. Mfuko huo niliununua Isongole ukiwa na viazi mviringo, kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, pale wanaposhuka watu wanaokwenda kuliona Ziwa Ngozi. Viazi vililiwa vikaisha. Mfuko ukabaki nje ya jiko, jua likaupiga msimu mzima, na sasa kila ukiguswa unapukutisha vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Niliporudi kununua tena nikamsabahi mama yule yule aliyeniuzia, akaitikia marahaba, nikamuuliza mifuko iliyochakaa inaishia wapi. Alijibu huku mikono yake ikiendelea kuchambua viazi: "Tunafunikia mbolea, mwanangu. Ikichanika sana tunachoma. Mingine inabaki humohumo shambani."

Nataka kuusoma uzi huu. Nasema kuusoma kwa maana tuliyofundishwa darasani tulipopewa shairi: tazama fani kwanza, lilivyojengwa, ndipo useme linasema nini. Mjadala wetu wa plastiki umeruka hatua hiyo. Aprili 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni Mei 31. Juni 1 kanuni zikaanza kufanya kazi, na masoko yakajaa mifuko mingine, ile ya rangirangi inayofanana na kitambaa. Tukaipokea kwa jina zuri: mifuko mbadala. Tangu siku hiyo tunapima vitu kwa majina. Hiki ni cha asili, kile ni rafiki wa mazingira, kile kingine ni mbadala. Lakini bakteria aliye kwenye tuta la viazi hajui majina. Yeye husoma umbo tu, na umbo likimkataa, kitu hakiozi.

Tuanze na uzi wenyewe. Ni polipropilini. Ukishika ncha zake mbili ukavuta kwa urefu, utakuumiza vidole kabla haujakatika. Ukiuchana kwa ukucha upande wa ubapa wake, unafunguka mara moja na kuwa nyuzinyuzi laini. Sababu ni kwamba kiwandani ulivutwa ukiwa bado na joto, na molekuli zake ndefu zikalala zote kufuata uelekeo mmoja, kama matete yaliyofungwa mtumba. Sasa iangalie molekuli moja. Ni mnyororo wa kaboni, maelfu kwa maelfu, zimeshikana mkono kwa mkono. Kwenye kila kaboni ya pili kunaning'inia kikundi kidogo, kaboni moja na haidrojeni tatu, kinachoitwa methili. Kaboni yenye methili, kaboni isiyo na methili, yenye, isiyo. Tena methili hizo zimekaa upande mmoja wa mnyororo karibu mwanzo hadi mwisho.

Mtu aliyelelewa kwenye ushairi wetu anaitambua bahari hii. Mpigo haubadiliki, kina ni kilekile mshororo baada ya mshororo: ni mtiririko. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetupa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, angeupima uzi huu kwa mizani na vina asingeona mahali pa kusahihisha. Ila kitu kimoja hakimo. Hakuna kituo. Kaboni inashika kaboni, inashika kaboni nyingine, hadi mwisho wa mnyororo hakuna mahali pa kuvuta pumzi. Kimeng'enya, ile zana ambayo bakteria hutoa nje ya mwili wake ili kukikatakata chakula kikubwa kiweze kumezwa, hutafuta kiungo cha kukata. Hapa hakioni. Jua linaweza kuuvunja uzi vipandevipande, na ndilo linalofanya hivyo kwenye mfuko wangu, lakini kila kipande kinabaki na umbo lilelile. Kuchana karatasi iliyoandikwa utenzi hakuufuti utenzi.

Sasa tuweke kando yake uzi wa pili, ambao mtungaji wake ni bakteria.

Mwaka 1926, katika taasisi ya Pasteur ya Ufaransa, Maurice Lemoigne alieleza kitu alichokitoa ndani ya *Bacillus megaterium*, bakteria wa udongoni. Ndani ya mwili wa kiumbe huyo mlikuwa na chembe nyeupe zinazong'aa, na chembe hizo zilikuwa poliesta. Leo inaitwa polihidroksibutireti, au PHB kwa kifupi. Bakteria huiweka kama mkulima anavyoweka akiba darini: kaboni ikiwa nyingi, huku naitrojeni au fosforasi ikikosekana, hawezi kuzaliana, basi ziada yote anaifunga kuwa chembe. Wapo wanaojaza hadi chembe hizo zikawa zaidi ya robo tatu ya uzito wao mkavu. Isongole wakulima wanaijua njaa hiyo kwa upande wao. Udongo wao umetokana na majivu ya volkano, mweusi, mwororo, lakini fosforasi huishikilia kwa nguvu, na ndiyo maana mtu anayepanda viazi huhesabu mifuko ya mbolea ya DAP kabla ya kuhesabu mbegu.

Umbo la PHB lisome polepole, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ilipo. Nayo ni mnyororo mrefu, wakati mwingine vipashio elfu thelathini. Nayo ina methili inayoning'inia kwa mpangilio usiobadilika. Methili zake nazo zimegeukia upande mmoja. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 175 hivi. Polipropilini kwenye 165 hivi. Ukiwapa watu vijiko viwili, kimoja cha uzi huu na kingine cha ule, wengi hawatajua kipi ni kipi. Kina ni kilekile, mtiririko ni uleule. Tofauti ni kwamba kila baada ya kaboni tatu za mnyororo huja oksijeni moja. Kiungo hicho huitwa esta, na maji, yakisaidiwa na kimeng'enya, hukikata. Hicho ndicho kituo. Kila kipashio kinaanza na kuisha, na anayekula anaweza kula kipashio kimoja kimoja hadi aumalize mnyororo wote, akabaki na maji na hewa ukaa.

Kuna ushahidi wa ndani zaidi, nao unanishangaza kila nikiurudia. Vipashio vya PHB vinaweza kuwa vya mkono wa kulia au wa kushoto, kama jozi ya viatu: vipimo sawa, umbo la kinyume. Bakteria hutengeneza mkono mmoja tu. Mkemia akitengeneza mnyororo uleule maabara kwa kuchanganya mikono yote miwili, hesabu ya atomu haibadiliki hata moja. Kaboni nne, haidrojeni sita, oksijeni mbili kwa kila kipashio. Methili zipo, vituo vipo. Lakini vimeng'enya vinavyokula PHB hukata penye vipashio vya mkono wa asili, na vikifika mahali palipopangwa mkono wa pili vinakwama. Maneno ni yaleyale. Mpangilio umebadilika, na msomaji hawezi tena kusoma. Anayedai kwamba kuoza ni suala la malighafi tu, la kitu kimetokana na nini, aukabili ushahidi huu.

Hata hivyo, uhakiki wa kweli hausifu tu. PHB ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo inatoka kwenye ukamilifu wake. Ukiivuta, hukatika ikiwa imerefuka asilimia tano hivi; polipropilini huweza kurefuka mara kadhaa ya urefu wake wa mwanzo. Mpangilio usio na dosari unaziruhusu molekuli kujipanga zikawa fuwele kubwa, na fuwele zinaendelea kukua siku kadhaa baada ya kitu kutoka kwenye kalibu, kwa hiyo kikombe kilichoonekana kizuri Jumatatu kinakuwa kikavu na chepesi kuvunjika Ijumaa. La ajabu ni kwamba ndani ya bakteria hali siyo hiyo. Mle chembe ni laini, karibu na kimiminika, hazina fuwele. Ugumu huja zinapotolewa nje na kukaushwa. Mtu aliyewahi kumsikia mghani akiimba utenzi, akivuta silabi hapa na kuifupisha pale, kisha akausoma utenzi uleule kwenye kitabu, anajua ninachosema.

Dawa yake ilipatikana kwenye chakula. Bakteria hujenga kipashio cha kawaida kwa kuunganisha vipande viwili vyenye kaboni mbilimbili, jumla nne. Ukimlisha pia asidi ya propioniki, yenye kaboni tatu, baadhi ya vipashio vinakuwa mbili na tatu, jumla tano. Mnyororo wenyewe hauongezeki urefu kwa hilo. Kinachorefuka ni kile kinachoning'inia. Badala ya methili yenye kaboni moja, hapa na pale inatokea ethili yenye mbili. Kwa lugha yetu: mizani imebaki, kituo kimebaki, kina kimebadilishwa katika baadhi ya mishororo, bila utaratibu. Huu ni uguni. Nao ndio ulioiokoa plastiki hii, maana fuwele zilivurugika na uzi ukakubali kupinda. Kampuni ya ICI ya Uingereza iliuza plastiki ya namna hiyo kwa jina la Biopol, na mwaka 1990 ikatoka chupa ya shampuu ya Wella huko Ujerumani.

Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wameishi na ugomvi wa namna hii. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, walikuwapo waliosema shairi lisilo na vina si shairi, na waliojibu kwamba vina vimekuwa pingu. Mimi niliusoma ugomvi ule nikiwa upande wa wanamapokeo, na bado naupenda utenzi. Lakini poliesta hii imenifundisha kutenganisha mambo niliyokuwa nikiyachanganya. Kina kinaweza kuvunjwa na kitu kikawa bora. Kituo hakiondolewi. Yule aliyeingiza uguni kwenye PHB aliiacha esta mahali pake kila mara, na plastiki ikaendelea kuoza.

Chakula kigeni zaidi huandika jina lake waziwazi kwenye kina. Mwaka 1983 watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliripoti *Pseudomonas oleovorans* aliyekuzwa kwenye oktani, moja ya vimiminika vilivyomo kwenye petroli. Vipashio vyake vikawa na mkia wa kaboni tano, mahali ambapo PHB ina moja. Kitu kilichotoka hakikuwa kigumu hata kidogo: kilikuwa laini, kinavutika, karibu na mpira. Kula oktani, yenye kaboni nane, kukampa kipashio chenye kaboni nane. Lakini si kila chakula huweka saini. Mwaka 2006 watafiti wa University College Dublin walipasha moto polistairini, ile nyeupe ya kufungia televisheni, ikageuka mafuta ya stairini, kisha wakamlisha *Pseudomonas putida*. Stairini ina pete ya kaboni sita. Kwenye poliesta iliyotoka, pete haionekani, kwa sababu bakteria aliivunja kwanza hadi vipande vya kaboni mbilimbili na kuanza ujenzi upya. Mhakiki asiyejua jambo hili angeisoma poliesta ile asigundue kabisa kwamba ilikuwa takataka za maboksi.

Hapo ndipo narudi Rungwe, wilaya iliyo na Isongole. Bakteria maarufu kuliko wote kwa kazi hii, *Cupriavidus necator*, anaweza kula hewa ukaa. Hahitaji jua. Anahitaji haidrojeni ya kumpa nguvu na oksijeni ya kupumua. Na wilaya ya Rungwe ina hewa ukaa chini ya ardhi: katika kijiji cha Ikama, upande wa mlima Kyejo, kampuni ya TOL huivuna gesi hiyo kutoka visimani, ikasafirishwa na kutiwa kwenye vinywaji. Ni gesi ya volkano. Upande wa Goma, Kongo, ambako hujikusanya mabondeni na kuua, watu wanaiita mazuku. Ya kwetu inapanda kwenye bomba, inakwenda kiwandani, inafungwa kwenye chupa ya soda, na mtu akifungua chupa inarudi hewani.

Hesabu ni fupi. Kipashio cha PHB kina kaboni nne, basi kinahitaji molekuli nne za hewa ukaa. Kwa uzito, kilo moja ya PHB imebeba kaboni ya zaidi ya kilo mbili za gesi. Gesi siyo tatizo. Tatizo ni haidrojeni, ambayo lazima itengenezwe, na umeme wake ni ghali. Tena ikichanganyika na oksijeni ndani ya pipa moja, cheche ndogo inatosha kulilipua. Kwa hiyo sisemi kwamba kesho Isongole watafungasha viazi kwa pumzi ya volkano. Hata viazi vilivyooza, ambavyo mtu angedhani ni njia rahisi zaidi, vina masharti yake: *Cupriavidus* wa asili hawezi kula wanga, wala hata glukosi; wanga ni chakula cha *Bacillus* yule wa Lemoigne.

Ninachosema ni kuhusu usomaji. PHB ya gesi ya Ikama na PHB ya sukari ya miwa zingekuwa na fani moja, herufi kwa herufi. Tofauti ingejitokeza kwenye aina za kaboni yenyewe. Kaboni ya mimea hai ina chembe chache za kaboni 14, ambazo hutengenezwa angani na kupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mafuta ya petroli, kwa ukale wake, hayana tena. Gesi ya volkano nayo haina. Na kipimo kinachotumika duniani kuamua kama plastiki inatokana na mimea au mafuta huhesabu kaboni 14 hizo. Plastiki ya bakteria wa Ikama ingepimwa ikapewa sifuri, sawasawa na salfeti langu, ingawa ingeoza shambani na salfeti halitaoza. Kinyume chake kipo tayari: tangu 2010 kampuni ya Braskem ya Brazili hutengeneza polithini kutokana na miwa. Kipimo kinaipa alama za juu kabisa. Mnyororo wake ni kaboni kwa kaboni, hauna kituo hata kimoja, na hauozi.

Basi turudi kwenye mifuko mbadala. Niliuchukua mmoja, wa kijani, wenye mikono iliyobanwa kwa joto na vitundu vidogo vilivyopangwa kama mbegu za ulezi, nikauweka karibu na uzi wa viazi. Nyuzi zake hazikufumwa. Zimelazwa ovyo na kugandishwa, ndiyo maana mkononi unahisi kitambaa. Nao ni polipropilini. Ni bahari ileile ya salfeti, ghani tu ndiyo tofauti. Siulaumu kwa kila kitu: ni imara, hautupwi siku hiyohiyo, na kanuni za 2019 hazikuipiga marufuku polipropilini, zilipiga marufuku mifuko ya kubebea iliyokuwa ikipeperuka hadi kwenye mitaro. Mifuko ya kufungashia mazao iliruhusiwa wazi, na mkulima wa Isongole hana kosa lolote kuitumia, kwa sababu magunia yake lazima yafike Dar es Salaam yakiwa mazima.

Kosa liko kwenye neno. Mbadala wa kitu ni kitu kingine, na fani ya mfuko huu inasema ni kilekile. Nawaomba wanaochapa mifuko, na wanaowapimia ubora, waandike jina la uzi kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na chini yake neno moja la ukweli kuhusu udongo: unaoza, au hauozi. Mama anayechambua viazi kando ya barabara ya Tukuyu anastahili kujua kinachobaki kwenye matuta yake. Na kwenye mfuko wowote wa polipropilini, neno "mbadala" lifutwe.